Dizeli ya zamani inachemsha kweli au mshale ndo unadanganya? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Haya ni maswali yanayorudi kila wiki kuhusu joto la injini kwenye dizeli za zamani, yaani Land Cruiser za 1HZ, Hiace na Hilux za 2L, 3L na 5L, Prado na Surf za 1KZ, Land Rover za Tdi, na zile Canter zinazotoka Mwaloni Kirumba zimejaa dagaa mpaka juu. Majibu yameandikwa kwa mtu mwenye gari, siyo lazima uwe fundi. Na kama utasoma jibu moja tu basi soma la kwanza, maana hapo ndo hela nyingi za watu zinapotelea.

Mshale wa joto umepanda, nianze kubadilisha nini?

Usibadilishe kitu chochote kwanza, pima. Mshale wa dashibodi haupimi injini, unapima maji yaliyogusa sensa, tena hapo katikati kuna waya wa miaka thelathini, viungio vyenye kutu, na geji yenyewe ambayo imekula vumbi la Misungwi tangu iingie nchini. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya spana yoyote ni hili: joto lenyewe lipo kweli?

Njia rahisi ni tochi ya kupimia joto, ile unaelekeza inakupa namba. Ipige kwenye chuma cha injini pale mpira wa juu wa rejeta unapoanzia. Ila angalia, aluminiamu inayong'aa inadanganya ile tochi, itakupa namba ndogo kuliko ukweli, kwa hiyo bandika kipande cha nailoni nyeusi ya umeme hapo, subiri kipate joto, halafu ndo upime juu yake. Injini isiyo na ugonjwa ikishapata moto inakaa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Mshale uko kwenye nyekundu na tochi inasema 86, ugonjwa wako ni wa umeme, usimruhusu mtu afungue hedi (kile chuma cha juu kinachofunika silinda). Ila tochi ikisema 105 na kuendelea, geji yako ni mwaminifu, ishukuru, endelea chini.

Huna tochi? Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko wa rejeta, tumbukiza kipimajoto cha jikoni kile cha chuma, washa uangalie namba na mshale vinapanda pamoja au kila mmoja na njia yake. Rejeta itachelewa kupata moto mpaka themostati (ile valvu inayofunguka maji yakipata moto) ifunguke, vumilia. Maji yakianza kupanda shingoni, zima.

Niko barabarani sasa hivi na mshale umefika juu, nifanyeje?

Toa mguu kwenye mafuta, zima AC, fungua hita hadi mwisho na feni yake kwa kasi yote. Najua ni jua la saa nane mchana na una abiria, lakini ile hita ni rejeta ndogo ya pili, inanyonya joto kweli. Sogea pembeni usimame.

Hapo kuna njia mbili. Kama maji hayamwagiki na feni inazunguka, iache injini ingurume yenyewe bila kukanyaga, maana ukizima ghafla maji yanasimama na joto lote linabaki kwenye hedi. Lakini ukiona mvuke mzito, maji chini, au mkanda umekatika, zima papo hapo, hakuna cha kusubiri.

Mfuniko usiguse. Siyo kwa kitambaa, siyo kwa gunia lenye maji, subiri mpaka ushike mpira wa juu kwa mkono wako bila kuungua na uone umelegea. Yale maji yako chini ya presha, ukifungua yanalipuka kuwa mvuke usoni kwako, na hospitali zinapokea watu wa namna hiyo. Na ukishaweza kufungua, usimwage ndoo ya maji baridi kwenye injini ya moto, chuma kinapasuka. Ongeza kidogo kidogo injini ikiwa inanguruma.

Napimaje geji na sensa bila kumlipa fundi umeme?

Tafuta sensa ya geji, mara nyingi ina waya mmoja na imefungwa karibu na nyumba ya themostati au kwenye hedi. Angalia usichanganye, hizi injini zina sensa nyingine ya hita plagi na wakati mwingine ya AC, na dukani wanaweza kukuuzia yoyote inayoingia kwenye nati ile ile. Sensa isiyo yenyewe itaingia vizuri, itafungwa vizuri, halafu itakupa namba za uongo miaka yote.

Fungua swichi bila kuwasha injini. Chomoa ule waya. Mshale unatakiwa ulale chini kwenye baridi. Kama waya umechomolewa na mshale bado uko juu basi waya unagusa bodi mahali fulani, ufuate taratibu, mara nyingi umechunika kwenye ukuta wa injini au umeungua kwenye bomba la moshi. Sasa gusisha ule waya kwenye chuma kisafi cha injini ukiwa umeupitisha kwenye balbu ndogo ya dashibodi, mshale utapanda kuelekea kwenye moto. Usiupitishe moja kwa moja ukaushikilia, geji za zamani zinaungua koili. Ukipanda, waya na geji vizima na wa kumshuku ni sensa. Usipopanda, cheki fyuzi, cheki waya umekatika, mwisho ndo geji.

Sensa yenyewe unaipima kwa multimita: ikiwa baridi inakuwa na omu mamia, ukiichemsha kwenye sufuria inashuka taratibu mpaka makumi. Isiposhuka, au ikirukaruka, imekufa. Na wakati wa kuifunga usiizungushie ile tepu nyeupe ya mabomba mizunguko mingi, inapata athi yake (njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha injini) kwenye nati, ukiifunika yote mshale utasoma chini.

Mshale unapanda nikiwasha taa za mbele, nikizima unashuka. Ni maji au umeme?

Umeme, lala usingizi. Athi ya dashibodi au ya injini ni mbovu. Fungua nati za athi, piga msasa, rudisha. Na kama geji ya joto na ya mafuta zinaharibika pamoja kwa wakati mmoja, shuku athi au kile kidude cha kupunguza umeme nyuma ya dashibodi, siyo sensa mbili kufa siku moja.

Geji yangu haijawahi kupita katikati, kwa hiyo niko salama?

Hapana, na hili ndo linaua injini nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Sababu ya kwanza, Toyota nyingi za miaka ya 90 geji imetengenezwa makusudi mshale utulie katikati muda mrefu hata joto likitoka 80 na kitu mpaka karibu 100, ili dereva asihangaike. Maana yake ukiona umeanza kupita katikati, hata kwa upana wa mshale wenyewe, tayari umechelewa kidogo, usisubiri nyekundu.

Ya pili ni mbaya zaidi. Sensa inahitaji maji ili isome. Mpira ukipasuka ghafla njiani, tuseme umeshapita Nyanguge unaitafuta Magu, maji yote yanatoka ndani ya muda mfupi, sensa inabaki inaning'inia kwenye hewa, na mshale unashuka. Dereva anaona umeshuka anafurahi anaongeza mwendo, ndani hedi inapikwa kavu. Kwa hiyo mshale ulioshuka ghafla bila sababu ni hatari sawa na ule uliopanda. Kuna ishara moja nzuri ya kujua: fungua hita. Kama injini imetembea muda wa kutosha na hita inapuliza ubaridi, maji hayapo au kuna hewa imekwama. Simama.

Fundi kaniambia themostati ni ya nchi za baridi, huku kwetu inatolewa. Ni kweli?

Siyo kweli, na tunaomba mafundi wetu waache hii kitu. Themostati haijawekwa kwa ajili ya theluji, imewekwa ili injini ifike joto lake na ikae hapo. Dizeli inawasha mafuta kwa joto la mgandamizo, ikiendeshwa baridi haichomi vizuri, inatoa moshi, inakula mafuta zaidi, silinda zinasagika haraka na oili inajaa uchafu.

Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Kwenye injini nyingi za Toyota ile themostati ina kisahani cha pili kwa chini, kazi yake ni kuziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji haipiti rejeta kabisa, na gari ikipandisha imebeba mzigo inachemsha. Yaani umetoa kitu ili isichemshe na ndo kwanza umeipa sababu mpya ya kuchemsha.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Sufuria ya maji, themostati imening'inizwa kwa uzi isiguse chini, kipimajoto pembeni. Namba imegongwa kwenye chuma chake, nyingi ni 82 au 76. Ikifika hapo ianze kufunguka, na ikifika 95 hivi iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikipoa ifunge yenyewe kabisa. Wakati wa kurudisha, kile kipini kidogo kinachocheza kikae juu, ndo njia ya hewa kutoka, ukikiweka chini unatengeneza hewa ya kukwama.

Mfuniko wa rejeta una umuhimu gani, si kizibo tu?

Siyo kizibo. Ni valvu ya presha, na kwetu huku ina umuhimu kuliko kwa mtu wa Dar. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mwanza yote iko hapo au juu zaidi kwenye vilima vyake. Kwenye mwinuko huu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Sasa piga hesabu mwenyewe: themostati ya 82 inafunguka yote karibu na 95. Kwa mfuniko uliokufa na maji matupu umebakiwa na nafasi ya nyuzi moja tu kabla ya mvuke. Mfuniko mzima wa 0.9 (namba ya presha iliyoandikwa juu yake) unashikilia presha, na hayo maji hayachemki mpaka 115 na ushee. Kidude hicho cha bei ndogo ndo kinachokupa zile nyuzi karibu ishirini.

Angalia mpira wake, ukiwa umekauka au umepasuka nunua mwingine wenye namba ile ile, usiweke wa presha kubwa zaidi ukidhani unasaidia, utapasua mipira na rejeta ya zamani. Katikati kuna kivalvu kidogo cha kurudisha maji kutoka rizavu (ile chupa ya maji ya akiba pembeni), kivute kwa kucha kidogo, kinatakiwa kurudi chenyewe. Kikikwama, gari ikipoa utakuta mpira wa juu umenyweka bapa na rizavu bado imejaa.

Kwenye foleni inachemsha, nikianza kutembea inapoa. Shida nini?

Hewa. Gari ikitembea upepo unapita wenyewe, ukisimama Mkuyuni jioni magari hayasogei kazi yote ni ya feni. Kwa hiyo anza na mkanda, umelegea au unateleza? Halafu klachi ya feni: injini ikiwa imepata moto na UMEZIMA kabisa, sukuma feni kwa mkono, inatakiwa kuwa nzito, isimame haraka. Ikizunguka kirahisi mizunguko mingi, mafuta ya silikoni ndani yameisha. Na kama ina unyevu mweusi wa mafuta katikati jibu unalo tayari.

Angalia pia lile kava la plastiki linalozunguka feni. Magari mengi yameshalipoteza gereji, fundi kalitoa kupata nafasi akaona halina kazi. Bila kava feni inavuta hewa ya moto ya injini badala ya kuvuta kupitia rejeta.

Yangu ni kinyume, mjini poa ila safari ndefu na milima inapanda.

Hapo shuku mzunguko wa maji au rejeta kuziba kwa ndani. Gari inayotoka Kirumba na mzigo kuelekea Shinyanga, au inayovuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Geita bila ile mapumziko ya kusubiri kivuko ya zamani, injini inatoa joto kubwa mfululizo na rejeta iliyoziba nusu haiwezi kulipokea. Pitisha tochi ya joto kwenye uso wa rejeta injini ikiwa ya moto na themostati imefunguka. Joto linatakiwa lipungue pole pole na kwa usawa kutoka maji yanapoingia mpaka yanapotoka. Ukikuta kiraka kimoja ni baridi ghafla, mirija ya hapo imeziba.

Mpeleke fundi rejeta. Za shaba zinafunguliwa zinapitishwa fito mrija mmoja mmoja zinarudi kama mpya, zile za aluminiamu na plastiki mara nyingi ni kubadilisha tu.

Vingine vya kuangalia haraka: mpira wa chini unanyweka ukikanyaga mafuta (spiringi yake ya ndani imeoza au haipo), wota pampu yenye mapanga yaliyoliwa na kutu, na dizeli iliyoongezwa kwenye pampu ili gari iwe na nguvu, hiyo utaijua kwa moshi mweusi mlimani. Ukitaka nguvu ile, lipa kwa joto.

Rejeta yangu ni safi nikiitazama kwa mbele, bado inachemsha.

Umetazama kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, inakaa mbele yake), siyo rejeta. Uchafu unakaa katikati yao. Kwetu kando ya ziwa kuna wale wadudu wadogo wanaotoka majini kwa mawingu, ukipita nao usiku wanaingia mapezini, asubuhi vumbi linawakuta wabichi, wiki mbili tatu umepata ukuta. Legeza nati za juu za rejeta, penyeza mkono na taa, utashangaa. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi yote, usiisogeze.

Naweza kuweka maji ya ziwa au ya kisima?

Kwa dharura ya kufika nyumbani, weka hata ya ziwa, chuja na kitambaa. Kwa kudumu hapana. Ya ziwa yana mwani na tope, ya visima vingi yana chumvi inayoganda ndani ya mirija, na yote mawili hayana dawa ya kuzuia kutu. Tumia kulanti (ile dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji ya betri yale yaliyosafishwa, siyo asidi tafadhali soma chupa. Maji safi ya mvua baada ya paa kuoshwa na mvua za mwanzo nayo ni afadhali mara mia kuliko ya kisima. Huku hakuna barafu lakini kulanti bado inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Kwa malori yenye silinda za kuchomeka zinazogusana na maji ni lazima kabisa, bila dawa hiyo vipovu vidogo vinatoboa chuma mpaka maji yanaingia kwenye oili.

Na ile ya zamani usimwage mtaroni. Ni sumu yenye utamu, mbwa na mtoto wanailamba, na mitaro yetu inaishia Mirongo, Mirongo unaishia ziwani tunakokunywa.

Nitajuaje kama gasketi ya hedi imekwenda?

Gasketi ndo ile inayoziba kati ya hedi na injini. Usikubali kuambiwa kwa macho tu, kuna vipimo na vinafanyika bila kufungua kitu.

Cha kwanza asubuhi kabla ya kuwasha, gari imelala usiku mzima, binya mpira wa juu. Ukiwa bado mgumu kama umejazwa upepo, hiyo siyo presha ya joto maana joto halipo, ni gesi ya silinda imesukumwa kwenye maji. Cha pili, fungua mfuniko injini ikiwa bado baridi, jaza hadi shingoni, washa. Vipovu vya mwanzo vikatoka vikaisha ni hewa tu. Vikiendelea bila kukoma na vikaongezeka ukikanyaga, ni gasketi au ufa. Nyingi ya dizeli hizi zinagandamiza hewa karibu mara 20 au zaidi, kwa hiyo hata ufa wa unywele unasukuma gesi nyingi. Ukipata fundi mwenye kile kipimo cha maji ya bluu yanayobadilika rangi yakikutana na moshi, mwambie aifanyie gari kazi kidogo kwanza, dizeli ikinguruma bure moshi wake ni mwepesi na kipimo kinaweza kukosa.

Oili iliyogeuka kama maziwa kwenye kijiti chake, moshi mweupe usioisha, maji yanapungua bila kuvuja popote, vyote vinaongeza ushahidi, ingawa maji kupungua kunaweza pia kuwa hita inavuja chini ya kapeti, papasa kapeti la abiria wa mbele kwanza. Wenye 1KZ mchemsho mmoja msiuchukulie poa, hedi yake ni ya aluminiamu na inajulikana kupasuka katikati ya valvu, hivyo ikifunguliwa ipimwe ufa kwa presha, siyo kuskimu (kusawazisha uso wake) tu na kufunga.

Nimeambiwa niweke manjano au yai rejeta iache kuvuja.

Usiweke. Havichagui tundu la kuziba, vinaziba pia mirija ya hita na ya rejeta, na fundi wa kesho atalipwa mara mbili. Ukikwama porini kabisa, subiri injini ipoe, legeza mfuniko ngazi moja ili presha isijengeke, tembea taratibu na madumu ya maji, simama mara kwa mara.

Ni kifaa gani kimoja niongeze kwenye gari yangu?

Kengele ya maji kupungua, au sensa ya joto inayofungwa kwenye chuma cha hedi badala ya kwenye maji, yenye kengele yake. Hii ya chuma inasoma hata maji yakiisha yote, ndiyo maana tunaipenda kuliko geji ya pili ya maji. Ifunge kwenye boliti ndogo iliyoingia kwenye chuma cha hedi, siyo zile zinazoishika hedi yenyewe, karibu na mpira wa juu unapoanzia, endesha siku chache uone inakaa namba ngapi ukiwa na mzigo, halafu tegesha kengele nyuzi 10 juu ya hapo.